Neema, Riziki na Karama: Msamiati wa Ukarimu wa Mungu katika Kiswahili cha Wakristo wa Kisauni, Likoni na Changamwe

Utangulizi

Waswahili husema, "Riziki kama ajali, huitambui ijapo." Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni maliwazo kwa aliyekosa: asikate tamaa, kwani hajui siku wala saa ya kupata. Fasiri hiyo si mbaya, ila haijafika mbali. Riziki na ajali yote mawili ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo ajali si tukio la ghafla la barabarani au baharini, bali ni muda aliowekewa kila kiumbe. Aliyeitunga methali, basi, hakulinganisha jema na baya kwa kuwa yote huja kwa ghafla tu. Aliyaweka pamoja mambo mawili yaliyokwisha kuandikwa mahali pengine, nayo humshtua binadamu kwa sababu moja tu, kwamba yeye hakuyasoma maandishi hayo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno ambayo kwayo Wakristo wa maeneo ya Mombasa yaliyo nje ya kisiwa, yaani Kisauni upande wa kaskazini, Likoni upande wa kusini na Changamwe upande wa magharibi, huelezea mema yanayowafikia bila ya kutazamiwa na ambayo wao huyanasibisha na Mungu. Karibu maneno yote hayo wameyarithi kutoka katika Kiswahili kilichokuwa lugha ya Waislamu kwa karne nyingi kabla ya Injili kuhubiriwa pwani. Swali linaloulizwa hapa si la asili ya maneno peke yake. Linahusu maana pia: je, maneno hayo yanaweza kubeba dhana ya kipawa kisicholipiwa, au yameanza kugeuka kuwa maneno ya biashara? Mwanateolojia atakuwa na jibu lake. Mwanaisimu naye ana la kusema, kwa kuwa baadhi ya mambo yanayogombewa mimbarani yamo katika lugha yenyewe, tena tangu zamani.

Kisauni na chanzo cha msamiati

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Mwaka huohuo tena akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye alisaidiwa na wajuzi wa lugha waliokuwa Waislamu. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Mfasiri yule hakuwa na haja ya kubuni istilahi ya baraka, rehema, fadhili wala neema. Aliikuta tayari, imekwisha kusuguliwa na tenzi, kasida na hotuba za msikitini. Kamusi yake iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ni ushahidi wa Kiswahili cha Mombasa cha wakati huo, na mtafiti wa leo bado hana budi kuirejea.

Mwaka 1875 Chama cha CMS kilianzisha Frere Town, katika Kisauni, kuwa makao ya watumwa waliookolewa majini. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, na kiongozi wa kazi alikuwa William Salter Price. Waliotangulia kusaidia walikuwa Waafrika waliolelewa na kusomeshwa Nasik, karibu na Bombay, wengine wao wakiwa tayari ni mafundi na walimu. Mahali pale ilipowekwa kengele pangali panaitwa Kengeleni hadi leo, na abiria wa matatu hulitamka jina hilo kila siku bila ya kufikiri habari za utumwa.

Kwa watu wa Frere Town maneno ukombozi, fidia na uhuru hayakuwa mafumbo. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watumwa watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa mabwana wao. Aliyepokea hati hakutoa hata pesa moja, mwingine alilipa. Hapana mahubiri yanayoweza kulieleza neno fidia kwa uwazi zaidi ya siku ile, ingawa yafaa ikumbukwe kwamba aliyelipwa ni bwana, wala si yule aliyefanyishwa kazi. James Mbotela, mwana wa jamii hiyo, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, na wahakiki wa baadaye wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hiyo ina haki yake. Ingawa hivyo, msomaji wa lugha ataona humo namna jamii iliyofunguliwa na wengine inavyozoea kuyasimulia maisha yake yote kama kitu ilichopewa.

Ugomvi wa lahaja ulifuata baadaye. Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake wa UMCA walifasiri kwa Kiunguja, na Biblia nzima ya lahaja hiyo ikatoka katika mwaka 1891. Mombasa nayo ilikuwa na Agano Jipya la Kimvita mwaka 1909 na Biblia nzima mwaka 1914. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wamisheni wa Mombasa waliona wamenyang'anywa chakula mdomoni. Ugomvi huo hatimaye ulizikwa na tafsiri ya pamoja, Union Version, iliyokamilika mwaka 1952. Lakini mtu akiichunguza hoja ya pande zote mbili ataona kwamba waligombania njia na ndia, macho na mato. Hawakugombania neema. Maneno ya ukarimu wa Mungu yalikuwa mamoja Mombasa na Unguja, kwa kuwa yaliletwa na dini moja iliyotangulia kuziunganisha lahaja hizo.

Neema kati ya utele na msamaha

Neno neema limetokana na Kiarabu ni'ma. Katika mazungumzo ya kawaida ya pwani maana yake ni utele, raha na ustawi. Mwaka wa neema ni kinyume cha mwaka wa njaa. Mvua ya neema ni ile inayonyesha kwa wakati na kwa kiasi. Kutokana na neno hili hupatikana vitenzi neemeka, yaani kustawi na kuwa na mali, na neemesha, ambacho Sheikh Abdullah Saleh Farsy amekitumia katika tafsiri yake ya Kurani iliyotoka mwaka 1969. Katika matumizi hayo yote neema ni kitu kinachoonekana, kinacholiwa, kinachovaliwa, au walau kinachotambulikana kwa alama za nje.

Wafasiri wa Biblia walilichukua neno hili wakalitwika mzigo wa neno la Kigiriki charis. Hawakuwa peke yao. Biblia ya Kiarabu iliyofasiriwa Beirut katika karne ya 19 nayo hutumia ni'ma pahali hapohapo. Tangu hapo neema katika Kiswahili cha kanisani ikawa ni kibali cha Mungu kwa mtu asiyestahili: msamaha, wokovu, nguvu ya kusimama katika majaribu. Neno likawa na vyumba viwili chini ya paa moja. Mzee wa Frere Town aliyesema kwamba ameishi kwa neema hakuwa na maana kwamba ameishi kwa utajiri. Huenda alikuwa hana kitu. Lakini jirani yake Mwislamu wa Kongowea, akiisikia sentensi hiyohiyo, angeweza kuielewa kwa maana ya mlango wa pili, wala asingekosea Kiswahili.

Hapa pana hoja ambayo makala haya yanapenda kuisisitiza. Kuanzia miaka ya 1980, na hasa miaka ya 1990, mahubiri ya mafanikio yameenea katika makanisa ya Kipentekoste ya Likoni na Changamwe kama yalivyoenea Afrika Mashariki nzima. Wapinzani wake husema kuwa ni bidhaa iliyoagizwa Marekani. Kwa upande wa mafundisho na mbinu za kuhubiri, dai hilo lina ukweli mwingi. Kwa upande wa lugha halitoshi. Mhubiri anayesema kuwa mwenye neema hutambulikana kwa nyumba na gari halivunji neno. Analirudisha katika chumba chake cha kwanza, ambamo lilikuwa likikaa kabla ya Krapf. Neno la Kigiriki lenyewe halikuwa la kiroho tupu. Paulo katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, sura ya 8, huutaja kwa neno hilohilo charis mchango wa fedha uliokuwa ukikusanywa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Tofauti ni kwamba neema ile ilikuwa ikimtoka aliyekuwa nayo kumwendea asiyekuwa nayo.

Karama, karamu na mshahara

Shina la Kiarabu k-r-m limeipa lugha yetu familia nzuri: karimu, ukarimu, kirimu, karamu, karama. Kwa Waislamu wa pwani karama ni jambo la ajabu ambalo Mungu humjalia walii wake. Kwa Wakristo ni kipawa cha Roho, kama kilivyoelezwa katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12. Ndugu yake karamu amebaki jikoni na ukumbini. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba wasemaji wengi hawauoni tena udugu huo, kwa sababu karamu hailiwi na mtu mmoja, hali karama siku hizi mtu huweza kuwa nayo peke yake na kuitangaza kwa bango.

Katika Kigiriki karama ni charisma, neno lililotoka moja kwa moja katika charis. Na shukrani, yaani eucharistia, ni mjukuu wa nyumba hiyohiyo. Charis lenyewe huweza hata kuwa na maana ya shukrani, kama lilivyo mwishoni mwa sura ya 9 ya waraka huohuo wa pili kwa Wakorintho. Msomaji wa Kigiriki huona kwa macho kwamba kipawa, kibali na shukrani ni kitu kimoja kinachozunguka. Msomaji wa Kiswahili hukutana na mashina matatu yasiyojuana: neema, karama, shukrani. Hili si kosa la wafasiri. Kila lugha ina mishono yake, na mshono huu ulikuwa umekwisha kupita mahali pengine.

Hata hivyo Kiswahili kimepata faida upande wa pili, upande wa maneno ya malipo. Katika Warumi sura ya 6 mwishoni Union Version imeweka mshahara mbele ya karama, na katika sura ya 4 imeweka ujira mbele ya neema. Mshahara kwa asili ni malipo ya mwezi. Shina lake ni neno lenye maana ya mwezi. Kibarua lilikuwa jina la barua ndogo, cheti, kabla ya kuwa jina la kazi ya siku na hatimaye jina la mtu mwenyewe. Maneno haya Changamwe hayahitaji kamusi. Ni mahali palipokua kwa reli, bandari ya Kilindini na kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Mombasa iligoma yote Januari 1947 kwa sababu ya mishahara. Mfanyakazi wa Changamwe anajua kwa mwili wake tofauti ya kitu alichokitolea jasho, ambacho ana haki ya kukidai, na kitu alichopewa, ambacho hana pa kukidai. Mhubiri anayechanganya mambo hayo mawili mbele yake hukutana na msikilizaji aliyesoma somo hilo gatini.

Fadhili ni tatizo jingine. Union Version imelitumia neno hili katika Zaburi kufasiri neno la Kiebrania chesed, yaani wema usiokoma wa Mungu kwa watu wa agano lake. Lakini fadhila ya kila siku hudai jaza. Methali ya punda ambaye fadhila yake ni mateke humlaumu asiyerudisha, na msemo wa kulipa fadhila unaitia fadhila katika daftari la madeni. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza kuwa katika jamii nyingi hakuna zawadi isiyomfunga mpokeaji. Kiswahili kingempa mifano ya kutosha.

Neno bure

Labda neno lenye mafunzo makubwa kuliko yote ni lile dogo, bure. Kwa upande mmoja bure ni bila malipo. Kwa upande mwingine ni bila faida: kazi bure, mtu bure, amekufa bure. Watu hulionea neno hili haya. Muuzaji wa mboga katika soko la Kongowea anayemwongezea mteja nyanya mbili juu ya fungu hasemi kuwa anampa bure. Husema ni nyongeza, na mteja naye hupokea nyongeza kwa heshima kuliko ambavyo angeipokea sadaka. Cha bure hushukiwa kuwa hakina thamani.

Mtu angedhani, basi, kwamba wafasiri walifanya vibaya kuliweka neno hilo katika Warumi sura ya 3, pahali panapozungumzia kuhesabiwa haki, kisha wakalirudia katika Wagalatia mwishoni mwa sura ya 2, pahali ambapo maana yake ni kufa pasipo faida. Neno moja, maana mbili zinazopingana. Lakini akitazama Kigiriki atastaajabu. Huko nako ni neno moja katika mahali pote pawili: dorean, lenye maana ya kama zawadi, bila ya malipo, na hivyo pia bila ya sababu, bila ya matokeo. Utata wa Kiswahili umelingana na utata wa Kigiriki kama kifuniko na chungu chake. Lugha nyingi za Ulaya zimelazimika kutumia maneno mawili tofauti na kuipoteza hoja ya Paulo, ambayo ni kama mchezo wa maneno: ama haki hupatikana bure, ama kifo kile kilikuwa bure. Ni nadra tafsiri kushinda kwa neno la sokoni.

Kutendwa, kupokea na kudai

Kitu kingine kinachoonekana katika lugha ya baraka ni kauli ya kutendwa. Kiswahili kina njia nyingi za kusema kwamba mtu amepata mtoto. Amepata mtoto ni habari. Amejaliwa mtoto ni habari yenye imani ndani yake, lakini mtenda hatajwi. Kitenzi jalia kimekuwa na mtenda mmoja tu kiasi kwamba kumtaja ni kurudia. Hakuna asemaye amejaliwa na mjomba. Ndivyo ilivyo kwa kiasi fulani katika kirimiwa, barikiwa na ruzukiwa. (Huyu wa mwisho amepata ajira nyingine: nomino ruzuku sasa ni ya serikali, nayo huhusu mbolea na vyama vya siasa.) Katika vitenzi hivi binadamu ni kiima cha sentensi lakini si mtenda wa jambo.

Salamu ya malaika kwa Maria katika Injili ya Luka ni mfano mzuri. Kigiriki kina kitenzi katika hali ya kutendwa, na Union Version imelitunza jambo hilo kwa kutumia kupewa. Sala ya Wakatoliki hutumia kujaa, kitenzi kinachoeleza hali ya chombo baada ya kutiwa kitu, bila ya kumwonyesha aliyetia. Watu wa Changamwe walio wa madhehebu hayo mawili husoma tukio moja kwa sarufi mbili, na mabishano yao ya zamani juu ya Maria yamo kwa sehemu katika vitenzi hivyo.

Katika miaka ya karibuni kauli hii imepata mabadiliko yanayostahili kuangaliwa. Zamani mtu aliombewa kwa dhamira tegemezi: ubarikiwe, Mungu akubariki. Sasa husikika zaidi amri: Barikiwa! Ni umbo la ajabu kisarufi. Amri humtaka mtu atende, na kauli ya kutendwa humnyima la kutenda; hapa vimefungwa pamoja kama ng'ombe wawili wanaovuta pande mbili. Baadaye huja Pokea!, amri kamili yenye mtenda kamili. Kisha dai, miliki, vunja, fungua. Mtu anaweza kuzipanga amri hizi kwa mfuatano kutoka jaliwa hadi dai, na kila hatua binadamu huongezeka nguvu katika sentensi, na mtoaji hupungua. Mwishoni baraka inadaiwa kwa kitenzi kilekile ambacho kibarua wa bandarini hukitumia kudai mshahara wake.

Faida ya mabadiliko haya haifai kudharauliwa. Mjane wa Likoni aliyezoezwa maisha yote kuwa mtendwa, na ambaye siku moja ameambiwa asimame adai, amepewa kitu. Lakini gharama yake hulipwa na yule aliyedai asipate. Katika sarufi ya jaliwa, asiyejaliwa hana kosa. Katika sarufi ya pokea, asiyepokea ameshindwa kutenda tendo alilopaswa kulitenda. Na wapo wanaotoka ibadani wakiwa na njaa yao ileile na aibu juu yake.

Neno ubarikiwe lenyewe limechukua kwa wengi nafasi ya asante, hata katika maduka na ofisi. Wengine hulitumia pia kumaliza mazungumzo na mwombaji wasiyetaka kumpa. Hapo limeungana na desturi ya zamani ya pwani ya kumwambia maskini kwamba Mungu atampa, na mwombaji katika lugha zote mbili huelewa kwamba mlango umefungwa.

Kumbe

Simulizi za ushuhuda zina historia mbili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka 1937 ulikuwa na ushuhuda wa kuungama: kiini chake kilikuwa dhambi iliyofichuliwa na kusamehewa. Ushuhuda unaosikika zaidi sasa ni wa kupata: karo iliyokosekana, mgonjwa aliyepona, kazi iliyoitwa kwa simu. Muundo wake ni wa ngano. Hali ya kwanza huelezwa kwa wakati uliopita wa kuendelea. Dhiki hupandishwa kwa mfuatano wa -ka-. Kisha huja neno moja ambalo msikilizaji alikuwa akilingojea. Nilikuwa nimekata tamaa, nikafunga mlango, nikalala. Kumbe Mungu alikuwa kazini.

Wanasarufi hulitaja kumbe pembeni, pamoja na maneno ya mshangao. Lastahili zaidi. Kumbe halielezi tukio jipya. Huueleza ujuzi mpya juu ya jambo lililokuwako tangu awali. Baraka haikuja wakati wa kumbe. Wakati wa kumbe mtu ameitambua. Hivyo ndivyo methali ya riziki inavyosema: tatizo ni kutotambua. Neno hili dogo, lisilo la Kiarabu wala la kanisani, huibeba teolojia ya ushuhuda wote, na mshuhudiaji akilikosa, wasikilizaji huona kwamba amesimulia bahati tu.

Lakini kumbe lina mpaka wake. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, upande wa Likoni, kilizama kikielekea kisiwani, na watu 272 wakafa. Kwa aliyechelewa kivuko asubuhi ile sentensi yenye kumbe ni ya kweli: alilaumu kuchelewa kwake, kumbe ameokolewa. Hakuna atakayemnyima. Sentensi hiyohiyo, hata hivyo, haisemeki katika nyumba ya pili yake kulikokaliwa matanga, wala si kwa sababu ya adabu peke yake. Isimu inatufundisha kuwa kauli huwa na maana mbele ya mtu fulani. Ushuhuda ukitolewa mbele ya aliyefiwa hujibiwa na ukimya, na ukimya huo ni sehemu ya maana yake. Wahubiri wenye busara hulijua jambo hili. Siku kama hizo huacha neema wakashika rehema, neno linalomtosha aliyekufa na aliyebaki.

Majina

Wale wanaodhani kuwa lugha ya vipawa visivyotazamiwa ilianza makanisani watazame majina ya watoto. Sikudhani na Sikujua ni majina ya zamani ya Waswahili, sentensi kamili zenye kiambishi cha ukanushi, na aliyekana ni mzazi. Majaliwa, Zawadi na Tunu ni ya namna hiyohiyo. Wakristo wa Kisauni, wawe Wamijikenda, Wataita au waliotoka bara, huwaita watoto wao Neema, Baraka, Rehema na Riziki, na majirani zao Waislamu pia. Katika orodha ya darasa mwalimu hawezi kujua dini ya Rehema kwa jina hilo pekee. Bahati, jina lenye asili ya Kiajemi, limeanza kuonewa shaka na baadhi ya wahubiri, kwa madai kwamba Mkristo hana bahati bali ana baraka. Akina Bahati wanaendelea kuitwa Bahati.

Zawadi nalo lina historia yake: kwa asili ni masurufu ya njiani. Aliyepewa zawadi, kwa mujibu wa neno lenyewe, alitazamiwa kuondoka.

Riziki, mkate, chakula

Katika Sala ya Bwana Kigiriki kina artos, yaani mkate. Union Version haikuweka mkate, imeweka riziki. Sala ya Wakatoliki ina mkate, na Biblia ya Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, ina chakula. Chakula ni wazi, na kwa msomaji mchanga kinafaa. Mkate una uaminifu kwa neno la asili, na una mvuto wa altare, ingawa pwani mkate si chakula cha siku nzima bali ni cha chai. Riziki ndiyo iliyoondoka mbali zaidi na Kigiriki. Kwa Mswahili riziki si chakula tu: ni mteja wa kwanza wa asubuhi, ni samaki aliyeingia demani, ni kibarua cha siku, ni mke mwema na mtoto. Pia ni kitu kilichopimwa. Mtu huitafuta riziki kwa juhudi, kama asemavyo mgaagaa na upwa, lakini hajipimii. Kwa kulichagua neno hili wafasiri waliingiza katika sala ya Kikristo fundisho la Kiislamu la Mungu Mwenye kuruzuku, labda bila ya kukusudia, nalo limekaa humo kwa amani.

Changamwe, katika mazishi na arusi ambako madhehebu huchanganyika, sala hii husemwa na wote kwa sauti moja mpaka kufikia ombi hilo. Hapo sauti hugawanyika, hawa wakiomba riziki na wale wakiomba mkate wa kila siku, ambao ni mrefu zaidi kwa silabi kadhaa. Waliotangulia hunyamaza kidogo wakiwangoja wenzao.